Mali Bila Daftari: Tafakuri juu ya Wamormoni na Kumbukumbu Zao

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia dukani na katika mikutano ya vyama vya ushirika, pale mweka hazina anapoulizwa zilikokwenda fedha za wanachama. Lakini mimi niliyefundisha somo la historia kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, nimeiona kuwa ni methali ya mwanahistoria kuliko ya muuza duka. Jamii nayo ina mali yake, yaani yale iliyoyatenda na yale yaliyoipata. Isipoyaandika hupotea. Na ikiyaandika, hapana budi ikubali kwamba siku moja mtu atalifungua daftari na kusoma kila ukurasa, pamoja na ule ambao wakubwa walitamani usisomwe.

Napenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa watu ambao wengi wetu tunawajua kwa sura tu: wale vijana wawili wawili wenye mashati meupe, tai, na vibao vya majina kifuani. Jina rasmi la kanisa lao ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ingawa watu wamezoea kuwaita Wamormoni. Mimi si muumini wao, wala sikusudii kumvuta mtu aingie huko au kumfukuza aliyemo. Nimeisoma historia yao kama mwalimu, na kwa miaka ya karibuni nimeisoma pia kama mzazi, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Nimegundua kwamba ni vigumu kupata watu walioamrishwa kuandika kama wao, na ambao maandishi yao wenyewe yamewahoji kama yalivyowahoji wao.

Mwasisi wao, Joseph Smith, alizaliwa mwaka 1805 katika jimbo la Vermont, Marekani, kwa wazazi wakulima wasio na kitu. Familia ilihamia magharibi ya jimbo la New York, mahali ambapo wakati ule wahubiri wa kila dhehebu walikuwa wakishindana kuwavuta watu. Alieleza kwamba mwaka 1820, akiwa kijana wa miaka 14, alikwenda msituni kuomba aonyeshwe kanisa la kweli, na huko akatokewa na Mungu Baba na Mwanawe. Baadaye, alisema, malaika alimwonyesha mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani, naye akayafasiri kwa uwezo wa Mungu. Tafsiri hiyo ndiyo Kitabu cha Mormoni, kilichopigwa chapa katika mji wa Palmyra mwaka 1830, nakala 5,000. Tarehe 6 Aprili mwaka huohuo kanisa likaundwa.

Hapa kuna mambo mawili ambayo mwalimu wa historia hawezi kuyapita. La kwanza ni kwamba siku ileile ya kuundwa kwa kanisa ulitolewa ufunuo, kwa mujibu wa imani yao, ulioagiza kwamba kumbukumbu ziandikwe na kutunzwa miongoni mwao. La pili ni hilo jina lenyewe. Mormoni, ndani ya kitabu chao, ni nabii na jemadari aliyekusanya maandishi ya watu wake waliokuwa wakiangamia, akayafupisha ili yasipotee. Kwa hiyo watu hawa wanaitwa kwa jina la mtunza kumbukumbu. Sijui kama kuna dini nyingine ambayo wafuasi wake wamepewa jina la mwanahistoria!

Na waliandika kweli. Waliandika shajara, barua, mihutasari ya vikao na orodha za ubatizo. Waliandika walipofukuzwa Missouri mwaka 1838, baada ya Gavana Lilburn Boggs kutoa amri kwamba Wamormoni ama waangamizwe ama waondolewe katika jimbo. Siku tatu baada ya amri hiyo watu 17 waliuawa penye kinu cha Haun. Amri yenyewe ilifutwa rasmi mwaka 1976, miaka 138 baadaye. Waliandika walipojenga mji wa Nauvoo kando ya mto Mississippi, na walipouhama kuanzia Februari 1846 wakiongozwa na Brigham Young, wakavuka nyika na milima hadi bonde la Salt Lake, walikofika Julai 1847. Kabla ya reli kufika mwaka 1869, wapatao 70,000 waliifuata njia hiyo kwa magari ya ng'ombe, na wengine wakisukuma mikokoteni kwa mikono. Tunajua walichokula, nani alizikwa wapi, na mtoto yupi alizaliwa chini ya gari, kwa sababu waliandika.

Hata hivyo kuandika ni jambo moja, na kuvumilia yaliyoandikwa ni jambo lingine. Mwezi Juni 1844 baadhi ya waliokuwa wafuasi wa Smith walitoa gazeti pale Nauvoo, wakimshutumu kwa kuoa wake wengi kwa siri na kwa kujilimbikizia mamlaka. Gazeti lilitoka toleo moja tu. Baraza la mji, Smith mwenyewe akiwa meya, liliamuru mtambo wa kupigia chapa uharibiwe, na ukaharibiwa. Kwa tendo hilo alikamatwa, akawekwa gerezani Carthage, na tarehe 27 Juni kundi la watu wenye silaha liliivamia gereza likamuua yeye na kaka yake Hyrum. Waliowaua walikuwa wauaji, hilo halina mjadala. Lakini shutuma kuhusu wake wengi ilikuwa na ukweli. Kanisa lilitangaza hadharani ndoa za mitala mwaka 1852, likaanza kuziacha kwa tamko la mwaka 1890, na mwaka 2014 likaandika wazi kwamba Joseph Smith alikuwa ameoa wake wengi. Mtambo uliovunjwa haukuvunja habari.

Nije sasa kwenye ukurasa mzito zaidi. Mwaka 1857 serikali ya Marekani ilituma majeshi kuelekea Utah, na Wamormoni waliokwisha kufukuzwa mara kadhaa waliamini kwamba wanakuja kumalizwa. Katika joto hilo ulipita msafara wa familia za wahamiaji, wengi wao kutoka Arkansas, wakienda California. Mahali panapoitwa Mountain Meadows, kusini mwa Utah, wanamgambo wa Kimormoni, pamoja na baadhi ya wenyeji wa kabila la Wapaiute waliowashawishi, waliuzingira msafara kwa siku kadhaa. Tarehe 11 Septemba wakawaendea na bendera nyeupe, wakawaahidi usalama iwapo wangeweka silaha chini. Walipotoka waliuawa watu wapatao 120, wanaume, wanawake na watoto. Walioachwa hai ni watoto wadogo 17, waliodhaniwa kuwa hawataweza kusimulia. Baadaye lawama yote ilitupwa kwa Wapaiute. Mtu mmoja tu, John D. Lee, alihukumiwa, naye alipigwa risasi palepale kwenye uwanja wa mauaji mwaka 1877. Wengine walizeeka, wakazikwa kwa heshima.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilinong'onwa tu. Aliyelifungua daftari alikuwa mwalimu. Juanita Brooks alizaliwa mwaka 1898 katika kijiji cha Bunkerville, Nevada, akakulia katika imani hiyo na kubaki ndani yake. Akiwa mwalimu kijana, mzee mmoja aliyeitwa Nephi Johnson alimwendea akamwomba amwandikie jambo alilokuwa nalo moyoni kabla hajafa. Brooks alikuwa na kazi za shule, wakaahirisha. Mwaka 1919 alipopata habari kwamba mzee anaumwa na anamwulizia, alimkuta amekwisha kupotewa na fahamu, akiweweseka na kupiga kelele juu ya damu. Kijana yule alikuja kufahamu kwamba Johnson alikuwapo Mountain Meadows. Brooks hakuisahau sauti ile. Akifundisha katika chuo cha St. George, akilea watoto, alikusanya nyaraka moja moja, na mwaka 1950 Chuo Kikuu cha Stanford kikachapisha kitabu chake juu ya mauaji hayo.

Msomaji aelewe kwamba Brooks hakuwa akiandika habari za watu wa mbali. Babu yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu wa kusini mwa Utah wa nyakati zile, na majina yaliyomo kitabuni yalikuwa majina ya majirani zake. Hakutengwa na kanisa, lakini wapo waliompa kisogo. Mwaka 1961 kanisa lilimrudishia John D. Lee, aliyekwisha kufa miaka 84, uanachama wake. Viongozi hawakutaka jambo hilo litangazwe, naye alilichapa katika kitabu chake cha maisha ya Lee. Mwaka 2007, miaka 150 baada ya mauaji, kiongozi wa ngazi za juu alisoma palepale Mountain Meadows tamko la kanisa la kusikitika, mbele ya vizazi vya waliouawa, na Wapaiute nao wakatajwa kuwa walibebeshwa lawama isiyo yao peke yao. Brooks alikuwa amefariki mwaka 1989.

Habari za mwalimu huyu zilinigusa kwa sababu ya kazi niliyowahi kupewa nyumbani. Wazee wa ukoo wetu waliniagiza niandike kitabu kidogo cha ukoo, ili wajukuu waliotawanyika mijini wapate kujua walikotoka. Nilizunguka kwa wazee nikisikiliza. Bibi mmoja aliyekuwa amepita miaka tisini alinisimulia kwamba babu wa babu yetu, ambaye sote tulimsifu kuwa mpagazi shujaa wa misafara ya pembe, aliwahi pia kuuza watu wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Nikaliandika. Rasimu iliposomwa katika kikao, mzee mmoja akasema, "Mwalimu, hilo liache. Wewe ulitumwa kuandika ukoo, hukutumwa kuuvua nguo." Ukatokea ubishi mkali, na wawili waliondoka kabla ya chakula. Ukurasa ulibaki. Baada ya miezi kadhaa mzee wa kile kijiji cha ng'ambo alinipitia nyumbani, akakaa, akanywa maji, akasema, "Sisi tulikuwa tunajua siku zote. Tulikuwa tunangoja mseme ninyi."

Maneno hayo yamenifundisha kuliko vitabu vingi vya mbinu za historia. Siri ya jamii kwa kawaida ni siri kwa wenyewe tu. Waliotendewa hawajasahau, na kwao ukimya wetu ni sehemu ya lile lililotendwa.

Lakini tuwe waadilifu kwa upande wa pili. Mwaka 1972 kanisa lilimteua Leonard Arrington, msomi wa uchumi na historia, kuwa Mwanahistoria wa Kanisa. Alikuwa wa kwanza mwenye mafunzo ya kitaalamu kushika wadhifa huo. Alifungua ghala la nyaraka, akaajiri vijana wasomi, vitabu vikaanza kutoka. Baadhi ya viongozi wakaingiwa na hofu, na kufikia mwaka 1982 kazi ile ilikuwa imehamishiwa chuo kikuu cha kanisa na Arrington ameondolewa katika wadhifa wake. Mwaka 1981 Mzee Boyd K. Packer, mmoja wa Mitume Kumi na Wawili, alikuwa amewaonya walimu wa kanisa kwamba si kila lililo kweli lina manufaa, na kwamba mwalimu anayemmwagia mwanafunzi mchanga kila kitu anaweza kuibomoa imani asiyoweza kuijenga tena.

Mimi niliyekuwa mwalimu mkuu siwezi kuicheka hoja hiyo. Kila mwalimu anajua kwamba mtoto wa darasa la tatu hapewi somo la kidato cha nne. Kuna wakati wa maziwa na wakati wa ugali. Kasoro ya hoja ni kwamba haisemi wakati wa ugali utafika lini. Ukiendelea kumpa mtu mzima maziwa, atautafuta ugali kwa jirani, na jirani ataupika apendavyo. Septemba 1993 waandishi na wasomi sita waliitwa mbele ya mabaraza ya nidhamu ya kanisa, watano kati yao wakatengwa. Mmojawapo, mwanahistoria D. Michael Quinn, aliendelea kusema mpaka alipofariki mwaka 2021 kwamba anaamini. Huyo hakuwa adui aliyevamia nyumba kutoka nje.

Ipo hatari nyingine ambayo wapenzi wa nyaraka hatuipendi. Karatasi nayo husema uongo. Miaka ya mwanzo ya 1980 mfanyabiashara wa nyaraka, Mark Hofmann, aliliuzia kanisa na watu binafsi hati nyingi zilizohusu siku za mwanzo za Joseph Smith, nyingine zikitikisa masimulizi yaliyozoeleka. Zilikuwa za kughushi, kazi ya mikono yake, na wataalamu walizipitisha. Alipoona anakaribia kufichuka alitega mabomu Oktoba 1985 yaliyoua watu wawili. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: nyaraka hazistahili kuabudiwa. Zahitaji kusomwa na mtu mwenye subira, anayeuliza nani aliandika, lini, kwa nini, na nani aliitunza.

Sasa niifikie sababu niliyosema kwamba nimeisoma historia hii kama mzazi. Binti wa marehemu kaka yangu, ambaye kwa desturi zetu ni binti yangu, alihamia Nairobi kikazi, na huko akabatizwa katika kanisa hili. Siku moja alinipigia simu usiku. Alikuwa amesoma kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja kanisa lake lilikataa kuwapa watu weusi ukuhani, ambao kwa wanaume wa kanisa hilo hutolewa kwa karibu kila muumini mwaminifu, na kwamba wanaume na wanawake weusi walizuiwa ibada za juu za hekaluni. Akaniuliza, "Baba mdogo, wewe ulifundisha historia. Haya ni kweli?"

Nikamjibu kwamba ni kweli, nikamwahidi kumwandikia barua. Haya ndiyo niliyomwandikia, kwa ufupi.

Mwaka 1836 mtu mweusi aliyeitwa Elijah Abel, mzaliwa wa Maryland, aliwekewa mikono akapewa ukuhani, wakati Joseph Smith yu hai. Baadaye alipewa wadhifa wa Sabini, akatumwa kuhubiri. Hakuwa mweusi pekee aliyepewa ukuhani siku hizo. Lakini mwaka 1852 Brigham Young, akiwa rais wa kanisa na gavana wa Utah, alitangaza mbele ya baraza la kutunga sheria kwamba watu wa asili ya Afrika hawawezi kuupata, akitumia hadithi ya laana ya Kaini. Abel, fundi seremala, alihamia Utah mwaka uliofuata, akafanya kazi katika ujenzi wa hekalu la Salt Lake, na akaomba mara kadhaa aruhusiwe ibada zake. Akakataliwa.

Mwaka 1879 kesi yake ilijadiliwa na viongozi. Wazee wawili walisema wanakumbuka kwamba Joseph Smith ndiye aliyewakataza weusi, na mmoja akadai Abel alikwisha kuvuliwa. Hapo mtume Joseph F. Smith, mwana wa Hyrum aliyeuawa Carthage, akasema si hivyo, kwani ameziona hati za Abel, moja ya mwaka 1841 na nyingine iliyotolewa Salt Lake, zikithibitisha wadhifa wake wa Sabini. Abel aliachiwa ukuhani, akanyimwa hekalu. Alikwenda kuhubiri tena akiwa mzee, akarudi mgonjwa, akafa Desemba 1884.

Mwanamke mmoja pia atajwe. Jane Manning James, mweusi huru wa Connecticut, aliwahi na ndugu zake kutembea kwa miguu mamia ya maili hadi Nauvoo, akafanya kazi nyumbani kwa Joseph Smith, akafika bonde la Salt Lake mwaka 1847. Aliomba tena na tena kuingia hekaluni. Mwaka 1894 jibu alilopewa lilikuwa ibada maalumu ya kumwunganisha na familia ya Joseph Smith kama mtumishi wa milele, naye mwenyewe hakuruhusiwa kuwamo ndani. Alikufa mwaka 1908 akiwa bado muumini. Na katika mwaka huohuo wa 1908 Joseph F. Smith, sasa akiwa rais wa kanisa, alisema kwamba uwekwaji wa Abel ulibatilishwa na Joseph Smith mwenyewe. Mtu aleyale aliyeziona hati kwa macho yake! Tangu hapo wengi waliamini kwamba katazo lilikuwapo tangu mwanzo na lilitoka kwa Mungu.

Hapo niligundua kwamba methali yetu haijitoshelezi. Daftari lilikuwapo. Halikupotea wala kuchomwa. Lakini daftari halisemi lenyewe, na mahali ambapo hakuna anayelifungua, kumbukumbu ya mwenye nguvu huwa ndiyo daftari.

Aliyelifungua tena alikuwa daktari wa tiba, muumini, Lester Bush. Kwa miaka alikusanya mihutasari, barua na hotuba, na mwaka 1973 akatoa makala ndefu katika jarida la wasomi wa Kimormoni liitwalo Dialogue. Hakutukana mtu. Alionyesha tu kwamba hakuna ushahidi wa wakati ule kuwa Joseph Smith ndiye aliyeanzisha katazo, na kwamba nyayo zake zinaanzia kwa Brigham Young. Wakati huohuo mambo mengine yalikuwa yakisukuma. Huko Nigeria na Ghana walikuwapo watu waliosoma vitabu vya kanisa hili, wakaunda makanisa yao wenyewe bila mmisionari, wakaandika barua miaka na miaka wakiomba kubatizwa. Huko Brazil hekalu lilikuwa likijengwa São Paulo katika nchi ambayo haiwezekani kujua nani hana tone la damu ya Afrika. Juni 1978 Rais Spencer W. Kimball alitangaza kwamba amepokea ufunuo: ukuhani ni kwa kila mwanamume anayestahili, bila kujali rangi. Kabla ya mwaka kwisha, Anthony Obinna wa Nigeria, aliyeandika barua kwa miaka, alibatizwa.

Hata hivyo sababu zilizokuwa zikitolewa, za laana ya Kaini na ya Hamu, hazikukanwa waziwazi mpaka Desemba 2013. Ndipo kanisa lilipochapisha maelezo yaliyomtaja Elijah Abel kwa jina, yakasema katazo lilitangazwa na Brigham Young, na yakazikataa nadharia kwamba ngozi nyeusi ni dalili ya laana. Kati ya makala ya daktari na maelezo hayo ilipita miaka 40.

Katika barua nilimwongezea binti yangu jambo moja linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Hadithi hiyo ya Hamu haikuzunguka Marekani tu. Wanafunzi wa zamani watakumbuka "Wahamiti" wa vitabu vya wakoloni, watu waliodaiwa kuja kutoka kaskazini na kuleta kila ustaarabu uliokutwa huku. Marekani Hamu alitumika kuwaweka weusi chini. Rwanda na Burundi jina lake lilitumika kuwapandisha baadhi ya weusi juu ya wenzao, na tunajua mbegu hiyo ilizaa nini. Jina moja, mizani mbili, na zote za wizi. Kwa hiyo asidhani kwamba ameingia katika nyumba pekee yenye chumba kichafu. Makanisa ya kale, shule tulizosoma na serikali zilizotutawala zote zilikuwa nacho.

Aliniuliza baadaye, "Sasa nifanye nini?" Nikamwambia hilo si swali la mwalimu wa historia. Alikaa kimya kwa majuma kadhaa. Kisha akanijulisha kwamba atabaki, ila atabaki akijua, na kwamba amewasomea kina mama wenzake habari za Jane Manning James, na wengi wao hawakuwahi kuzisikia. Wapo wengine waliosoma yaleyale wakaondoka, nao siwalaumu. Tofauti iliyopo ni kati ya mtu anayeamua akiwa na daftari mkononi na mtu ambaye wengine wamemwamulia kwa kulificha.

Kanisa lenyewe limeendelea kufungua. Kati ya mwaka 2008 na 2023 lilichapisha nyaraka za Joseph Smith katika juzuu 27, pamoja na mihutasari ya vikao vya siri vya Nauvoo. Kenya lilitambuliwa kisheria mwaka 1991. Mwaka 2009 mhandisi Mkenya, Joseph Sitati, alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka bara letu kuingia katika uongozi mkuu wa kanisa zima, katika wadhifa wa Sabini, uleule wa Elijah Abel. Mei 2025 hekalu lilizinduliwa Nairobi. Hayo hayafuti yaliyopita, na hayakusudiwi kufuta. Jane hayumo miongoni mwa walioingia.

Kwa vijana wanaojiandaa kuwa walimu nasema hivi. Mtakutana na wazee watakaowaambia kwamba ukweli utawavunja watu. Wasikilizeni kwa heshima, kwani mara nyingine wanasema juu ya wakati na namna, na hapo wana haki. Lakini mkitazama mfano huu mtaona kwamba waliofukua hawakuwa maadui. Alikuwa mwalimu wa St. George aliyekumbuka sauti ya mzee akifa, na daktari aliyetumia muda wake wa mapumziko kusoma mihutasari. Wote wawili waliipenda jamii yao kiasi cha kutaka isimame juu ya jambo la kweli.

Na kabla yao alikuwapo seremala mmoja, ambaye hakuwa na cheo wala chuo. Wakubwa walipokumbuka vibaya kwa faida yao, yeye alikuwa amezitunza hati zake mbili. Hazikumfungulia mlango akiwa hai. Lakini kama angezitupa kwa uchungu, wale waliokuja baada ya miaka mia wasingekuwa na la kusoma.